Ndugu Łucjan na Yatima wa Tengeru

Mwezi Juni mwaka 1947, msimu ambao mawingu huufunika Mlima Meru asubuhi nzima, padri mmoja wa miaka 27 aliwasili Tengeru, kama kilomita 13 mashariki mwa mji wa Arusha. Aliitwa Łucjan Królikowski. Alikuwa Mpolandi, mtawa wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi katika tawi la Wakonventuali, na upadri wake haukuwa na zaidi ya mwaka mmoja hivi. Sidhani kama baridi ya Juni, ile inayowatoa wakazi wa Tengeru na blanketi mabegani, ilimsumbua. Ya Siberia alikuwa ameshaionja.

Ukiwauliza Wakatoliki wa Arusha historia ya Kanisa lao, wengi watakuanzia kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu. Hao ndio waliofungua misheni ya Kilema, upande wa Kilimanjaro, mwaka 1890, na mmoja wao, Dennis Durning kutoka Marekani, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Arusha lilipoundwa mwaka 1963. Ni simulizi ya kweli na wanastahili kutajwa. Ila kwenye miteremko ya Meru penyewe, Ukristo ulitangulia kuvaa sura ya Kilutheri. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896 walipojaribu kuweka kituo, na Walutheri wakarudi na kuanzisha Nkoaranga mwaka 1902. Akeri na Tengeru ni majirani wa kutembeleana kwa miguu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi vita kuu ya pili ikaleta katika eneo hilo la Walutheri maelfu ya Wakatoliki ambao hawakuja kumhubiria mtu. Walikuja kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Tarehe 10 Februari 1940, katikati ya majira ya baridi, askari wa Kisovieti walianza kuwahamisha kwa nguvu raia wa mashariki mwa Poland, eneo ambalo Stalin alikuwa amelitwaa miezi michache kabla kwa makubaliano na Hitler. Familia zilipewa muda mfupi wa kufungasha, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini. Mawimbi mengine matatu yalifuata hadi Juni 1941. Kisha Hitler akamgeuka Stalin, na Stalin, aliyehitaji marafiki kwa haraka, akakubali mwezi Julai 1941 kuwaachia Wapolandi hao. Jenerali Władysław Anders akaruhusiwa kuunda jeshi. Watu waliokonda, wenye homa ya matumbo na chawa, walianza safari ya kusini kwa treni na kwa miguu kulifuata jeshi hilo, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mwaka 1942 zaidi ya watu laki moja, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi, Iran.

Askari walikuwa na kazi ya kufanya, lakini raia walikuwa mzigo ambao kila serikali ilitaka mwenzake aubebe. Uingereza ikatazama makoloni yake. Wapolandi kati ya 18,000 na 20,000 wakaletwa Afrika, wakatawanywa Masindi na Koja huko Uganda, Kenya, na kusini hadi Rhodesia na Afrika Kusini. Tanganyika ilipata kambi za Kidugala, Ifunda, Kondoa, Morogoro, na ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, Tengeru, ambayo ilifikisha watu wapatao 5,000.

Picha za wakati ule zinaonyesha vibanda vya duara vya kuta zilizopakwa chokaa, paa za nyasi zenye ncha, vimepangwa mistari kama gwaride, na nyuma yake Meru. Mbele ya milango kuna vitalu vya maua na mboga. Akina mama wa Kipolandi, ambao wengi wao walikuwa wakulima kwao, hawakuvumilia kuona udongo mweusi wa volkano umekaa bure. Kulikuwa na kanisa, hospitali, shule za msingi na sekondari, mafunzo ya ushonaji na muziki, kundi la maigizo, na skauti waliovaa sare zao sawasawa. Watoto walijifunza kuogelea Ziwa Duluti, lile la kreta ambalo wazazi wa Kimeru huwakanya watoto wao wasilisogelee. Walijifunza pia kutoa funza kwenye vidole vya miguu kwa sindano, somo ambalo hakuna shule ya Poland iliyowahi kulifundisha. Malaria iliwaua baadhi. Makaburi yao, karibu 150, ya Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, yangalipo hadi leo ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Katika kambi hiyo kulikuwa na kundi moja lisilofanana na mengine, watoto yatima. Wengine waliwazika wazazi wao Siberia, wengine Uzbekistan, wengine walipotezana nao kwenye stesheni ya treni wasiyoijua jina. Waliishi kwenye bweni lao chini ya walezi. Królikowski akawa mlezi wao wa kiroho. Maana yake, kwa kazi ya kila siku, aliwaadhimishia misa, aliwaungamisha, aliwafundisha katekisimu, akatembea nao porini na skauti. Zaidi ya hayo alikuwa mtu mzima ambaye hakuwa na mke wala watoto wake mwenyewe wa kumvuta upande mwingine.

Hapa inafaa kueleza mtawa wa aina yake ni mtu gani, kwa kuwa Tanzania tumezoea zaidi aina nyingine. Wabenedikti wa Peramiho na Ndanda ni wamonaki. Mmonaki huweka nadhiri ya kudumu katika nyumba moja, na nyumba hiyo baada ya miaka huwa na mashamba, karakana, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Wafransisko walizaliwa karne ya 13, miji ya Ulaya ilipoanza kufura watu, kwa fikra ya kwenda kinyume na hilo. Ndugu hana nyumba ya kumshika. Anavaa kanzu na kamba nyeupe yenye mafundo matatu, moja kwa kila nadhiri, ufukara, useja na utii, na anatumwa. Leo yuko mjini, kesho yuko kambini. Kwa karne nyingi watu wa Kanisa wamebishana kama mpango huo unatekelezeka, na Wafransisko wenyewe wamegawanyika mara kadhaa kwa ubishi huo huo, Wakonventuali upande mmoja, Ndugu Wadogo upande mwingine, kisha Wakapuchini mwaka 1528. Lakini kwa kambi ya wakimbizi, ndugu asiye na mali ni kama amepimwa na fundi.

Królikowski alizaliwa tarehe 7 Septemba 1919 katika kijiji cha Nowe Kramsko, magharibi mwa Poland. Kijana huyo aliingia Niepokalanów, ile nyumba kubwa ya Wafransisko iliyoanzishwa mwaka 1927 na Maksimilian Kolbe, iliyokuwa na mamia ya ndugu wakichapa magazeti kwa mashine za kisasa kabisa za wakati huo. Kolbe ndiye aliyejitolea kufa badala ya baba wa familia huko Auschwitz, Agosti 1941, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1982. Królikowski hakuwepo. Vita vilimkuta Lwów, alikopelekwa kusoma falsafa. Wasovieti walimkamata mwaka 1940 na kumpeleka Siberia kwenye kazi za kulazimishwa. Alipoachiwa alilifuata jeshi la Anders kama wengine wote, akawa askari, akapita Mashariki ya Kati, na hatimaye akaruhusiwa kuweka bunduki chini na kumalizia teolojia Beirut. Huko ndiko alikopewa upadri mwaka 1946. Kwa hiyo watoto wa Tengeru hawakuletewa mgeni wa kuwahurumia. Yeye na wao walikuwa wamepita njia moja.

Wakati anafika, kambi ilikuwa imeanza kuyumba. Mwezi Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, ikaitambua ile ya Warsaw iliyokuwa mkononi mwa wakomunisti. Mashariki ya Poland, kwao na wengi wa wakimbizi hawa, ilikwisha kuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Kurudi nyumbani kulimaanisha kurudi kwa yule yule aliyewahamisha. Uingereza haikuwa na hamu ya kuendelea kuwalisha, na Tanganyika haikuwa tayari kuwapa ukaazi isipokuwa wachache. Mwaka 1947 mambo yao yakakabidhiwa Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, IRO, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichopewa kazi ya kuwatafutia watu mamilioni mahali pa kuishi. Waliokuwa na baba au kaka katika jeshi la Anders walipata njia ya Uingereza. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Yatima hawakuwa na wa kuwaombea.

Au tuseme walikuwa na waombaji wengi mno. Warsaw ilidai watoto hao ni raia wa Poland na warudishwe. IRO ilikuwa na kanuni kwamba mtoto arudishwe kwa jamaa au kwa nchi yake isipokuwa kuna sababu nzito. Kanisa Katoliki, na watawa wa Kipolandi walioonja kambi za Stalin, waliona kuwapeleka watoto Poland ya wakomunisti ni kuwarudisha mdomoni mwa simba. Maofisa walipopitia majalada, mtoto mmoja baada ya mwingine, walikuta jambo ambalo lingemsumbua yeyote mwenye haki: si wote waliokuwa yatima kamili. Baadhi yao walikuwa na jamaa walio hai. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeondoka kwao akiwa na sita, je, atasikilizwa akisema hataki kurudi?

Królikowski alikuwa na jibu lake na hakulificha. Watoto wenyewe walikataa, naye alisimama upande wao. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kukataa huko kulikuwa kwao na ni kiasi gani kulikuwa kwa walezi wao. Nadhani vyote viwili vilichanganyika na haviwezi kutenganishwa. Mtoto aliyemzika mama yake kandokando ya reli hahitaji padri wa kumfundisha kuiogopa Urusi. Lakini pia hakuwepo mtu Tengeru aliyekuwa na nia ya kumwelezea Poland mpya kwa upole.

Mlango ulifunguka mbali kabisa. Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal alikubali kuwapokea watoto hao Kanada na jimbo lake kubeba dhamana. Jambo la kando kuhusu askofu huyu: mwaka huo huo wa 1949 alikuwa akikusanya michango makanisani kwa ajili ya wachimbaji wa asbesto waliogoma, akagombana na serikali ya Quebec, na mwanzoni mwa 1950 akajiuzulu na kuhamia upande wa pili wa nchi. Watoto wa Meru walimkuta katika miezi yake ya mwisho ya madaraka. Wangechelewa kidogo, sijui nani angewafungulia.

Katikati ya mwaka 1949 watoto na vijana wapatao 150 waliondoka Tengeru pamoja na padri wao. Njia ilikuwa Mombasa, kisha meli hadi Italia, wakapumzishwa Salerno. Huko habari zikavuja. Wawakilishi wa Warsaw wakataka kuwaona watoto na kuwachukua. IRO ikaona Italia, yenye chama kikubwa cha wakomunisti, si mahali salama pa kungojea, ikawapandisha treni kwenda Ujerumani, eneo lililokuwa chini ya majeshi ya Marekani. Kutoka Bremerhaven walipanda meli ya General Heintzelman. Mwezi Septemba 1949 watoto 123 walishuka Halifax, wakachukuliwa hadi Quebec.

Fikiria kidogo watoto hao kwenye gati. Hapo walipokuwa wamesimama, Kipolandi kilikuwa lugha ya sala, Kirusi lugha ya njaa, na wengi walikuwa na maneno ya Kiswahili waliyookota sokoni na kwa wafanyakazi wa kambi. Sasa walipelekwa shule za watawa zinazofundisha kwa Kifaransa. Waligawanywa kwenye vyuo vya bweni, wengine wakubwa wakapelekwa kazini na mashambani. Królikowski alibaki Montreal akizunguka kuwatembelea, kuandika barua, kuamua nani asomee nini, kugombana na wakuu wa shule, na baada ya miaka michache kuwafungisha ndoa.

Poland haikunyamaza. Vuli ya 1949 ililipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa, ikidai IRO na Kanada wamewateka nyara watoto wake. Magazeti ya Kanada yakapata habari ya kujaza kurasa. Mtawa aliyekula nadhiri ya kutomiliki chochote akajikuta anatuhumiwa kuiba watoto zaidi ya mia moja. Kelele zilikuwa nyingi, ila hakuna mtoto aliyerudishwa kwa nguvu. Vita Baridi vilikuwa vimeshawagawa mawakili pande mbili kabla kesi haijasikilizwa.

Miaka ya baadaye aliandika kisa chote katika kitabu, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa Stolen Childhood. Alihamia Marekani, akahudumu miongoni mwa Wapolandi wa huko na kwenye kipindi cha redio ambacho Wafransisko wa Buffalo walikianzisha mwaka 1931. Watoto wake, wakiwa na mvi, waliendelea kumwita baba na kukutana naye. Alifariki tarehe 11 Oktoba 2019, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 100.

Shirika lake lilirudi Afrika Mashariki bila yeye. Wakonventuali kutoka Poland wapo Kenya tangu miaka ya 1980, na ndio wanaokitunza kituo cha kitaifa cha hija cha Bikira Maria huko Subukia. Uganda wanahudumu Munyonyo, mahali pa kumbukumbu ya mashahidi. Ukitazama familia nzima ya Mtakatifu Fransisko, Tanzania ilianza mapema zaidi: Wakapuchini wa Uswisi walifika Dar es Salaam mwaka 1921, na mmoja wao, Edgar Maranta, aliliongoza Kanisa la huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Askofu mkuu wa sasa wa jiji hilo, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, ni Mkapuchini pia, mzaliwa wa Kilimanjaro. Kazi za ndugu hawa leo ni parokia, shule, hija, wagonjwa, vijana wa mijini. Sijui hata mmoja wao aliyewahi kushtakiwa mbele ya mataifa kwa ajili ya kundi la watoto.

Lakini simulizi ya Tengeru ina upande ambao vitabu vya Wapolandi, pamoja na uzuri wake, huugusa kwa haraka. Kambi ile ilijengwa mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa na ugomvi. Tangu enzi za Wajerumani, miteremko ya chini ya Meru ilikuwa imekatwa vipande vya mashamba ya walowezi, Wajerumani, Makaburu, Wagiriki, Waingereza, huku Wameru wakibanwa juu, kati ya mashamba hayo na msitu. Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze suala la ardhi ya Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yakawa kwamba Wameru wa Engare Nanyuki waondolewe ili eneo hilo liwe ukanda mmoja wa ufugaji wa Wazungu. Ripoti hiyo ilikuwa mezani kwa maofisa wakati Królikowski anawafundisha yatima wake sala, upande wa pili wa mlima ule ule.

Mwezi Novemba 1951 askari walipanda Engare Nanyuki. Wameru wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa, mifugo ikasukumwa kwenda Kingori. Wakati huo vibanda vya duara vya Tengeru vilikuwa vinamalizikia kuwa vitupu. Serikali moja, wilaya moja, mlima mmoja: wageni waliofukuzwa kwao walikuwa wamepewa paa, dawa na shule, na wenyeji walifukuzwa kwao. Sisemi Wapolandi walikosea. Hawakuitoa amri, na wao wenyewe walijua zaidi ya mtu yeyote maana ya askari kuja alfajiri na kukuambia ufungashe. Ila hakuna ushahidi kwamba wakubwa waliosimamia paa la mmoja na moto wa mwingine waliona mfanano wowote.

Wameru walifanya kile ambacho Warsaw ilifanya kwa ajili ya watoto. Walikwenda Umoja wa Mataifa. Watu wa Meru walichangishana fedha za nauli, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York, mbele ya kamati ya Baraza Kuu, kuzungumzia Engare Nanyuki. Ndani ya miaka mitatu, miteremko ya mlima huu ilikuwa imepeleka mbele ya mataifa mashauri mawili, moja la watoto na moja la ardhi. La watoto lilikuwa na dola nyuma yake kila upande, na askofu mkuu mwenye nyumba za watawa za kuwalaza. La ardhi lilikuwa na Japhet, mwanasheria Earle Seaton wa Moshi, na michango ya wakulima wa kahawa. Kamati ilimsikiliza Japhet na wajumbe wengi wakamuunga mkono. Shauri lilipofika kwenye kikao kizima cha Baraza Kuu, kura hazikufika theluthi mbili, na walowezi wakabaki Engare Nanyuki.